Kola ya rimoti yenye vipokezi viwili: inafaa nyumba yenye mbwa wawili, paka na kuku?

Mfugaji wa Tengeru

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijalipia kitu mtandaoni.

Nyumbani kuna mbwa dume chotara wa German Shepherd, miaka mitatu, kilo 34, shingo sentimita 49, manyoya mengi. Kuna jike koko wa miezi saba, kilo 13, bado anakua. Paka mmoja mzima anayeingia na kutoka anavyotaka. Kuku wa kienyeji 14 wanaofunguliwa saa tisa alasiri, na mbuzi wawili. Kiwanja ni nusu eka, ukuta pande tatu, upande wa nne ni michongoma.

Matatizo ni haya. Dume anakimbiza kuku wakitimka, na ameshaua wawili. Jike anamwiga, na juu yake anamkimbiza paka. Usiku jike akianza kubweka, dume anadakia, wanakwenda nusu saa.

Nimeona seti ya kola: rimoti moja, vipokezi viwili, ina mlio, mtetemo na shoti ngazi 1 hadi 99. Wameandika inafika mita 800 na haiingii maji, IPX7. Wana nyingine pia ya kuzuia kubweka, inafanya kazi yenyewe bila rimoti. Je, seti hiyo inafaa, au kila mbwa avae kola ya aina yake? Na paka avae nini? Naomba majibu ya kina, siyo "mchape fimbo".

---

Kamba Ndefu

Karibu mkuu. Umeeleza vizuri, wengi huuliza bila hata kutaja uzito wa mbwa.

Usiilipie bado. Vitufe vitabonyea na shoti itatoka, hilo sina ubishi nalo. Shida ni kwamba uani kwako kuna roho kumi na tisa zinazopishana, bila kuhesabu watu. Mbwa hajui kwamba maumivu yametoka kwenye rimoti iliyo mfukoni mwako. Anachojua ni kile alichokuwa anakitazama sekunde ile. Alikuwa anamtazama jogoo? Basi aliyemuuma ni jogoo. Mbwa mmoja ataanza kumkwepa jogoo, na mwenye kola atashangilia. Mwingine atamwahi jogoo kabla hajaumwa tena. Huwezi kujua mapema wako ni yupi. Halafu mweke jike hapo kati: wanakimbiza bega kwa bega, dume anapigwa shoti, na kilicho karibu na meno yake ni sikio la jike. Hivyo ndivyo mbwa waliolala banda moja huanza kupigana, na mwenye nyumba akadhani wanagombea chakula.

Kwa hiyo kola yoyote unayotaka kuileta hapo, jiulize itamfanyia nini mnyama asiyeivaa.

Dume anahitaji kola bapa ya nailoni au ngozi, upana sentimita 2.5, kwa ajili ya kubeba kibati chenye namba yako ya simu tu. Mafunzo yote afanye akiwa na mkanda wa kifuani, wengine huuita hanesi, wenye pete mbili: moja mgongoni, moja kifuani. Pete ya kifuani ni ya matembezi, kwa sababu akivuta mwili unageuka kukuelekea badala ya kusonga mbele. Ya mgongoni ni ya kamba ndefu ya mita 10. Kamba hiyo usiifunge kwenye kola ya shingoni hata siku moja. Mbwa wa kilo 34 akishika kasi mita nane kisha kamba ikaisha, uzito wote unatua kooni. Chagua kamba bapa ya nailoni, vaa glavu za bustani, na mwisho wake usiufunge kifundo wala kitanzi. Utanasa kwenye michongoma.

Jike ni habari nyingine. Koko wengi wana shingo nene na kichwa chembamba. Akirudi kinyumenyume, kola bapa inavuka masikio na unabaki nayo mkononi. Wa namna hiyo anafaa kola ya martingeli, yenye kitanzi kikubwa cha shingo na kidogo cha kamba. Kamba ikivutwa, kidogo kinakikaza kikubwa hadi kikomo fulani, hakinyongi. Ivute mpaka ikaze shingoni uone zile pete mbili za chuma: zikigusana ujue ni kubwa mno na itavuka kichwa. Ibaki nafasi ya vidole viwili kati yao. Hii ni ya matembezi, mkifika getini ivue. Na kwa kuwa bado anakua, kila Jumapili ingiza vidole viwili chini ya kola yake yoyote.

Mnyororo wa kunyonga na kola ya miiba viondoe kabisa kwenye orodha. Achilia mbali koo: mbwa wakicheza wanashikana shingoni, na jino likipita kwenye pete ya kitu kinachokaza, kila anayejinasua anamnyonga mwenzake. Kola ya puani, ile inayozunguka pua kama hatamu, ni nzuri kwa mbwa anayevuta sana, ila kwa kukimbiza kuku haina kazi, na ukiichanganya na kamba ndefu unampinda shingo.

Sasa kuku wenyewe. Hapa ndipo ilipo kazi, na hakuna kola itakayokufanyia.

Kila mara dume anapofaulu kuwatimua kuku, amejilipa mwenyewe, na malipo hayo yanashinda chochote ulicho nacho mkononi. Kwa hiyo kuanzia leo, kuku wakifunguliwa saa tisa, mbwa wote wawili wawe ndani ya wavu au kwenye kamba. Bila siku ya mapumziko. Ukiruhusu mara moja kwa wiki, unamfundisha kusubiri siku hiyo.

Andaa zawadi: maini ya kuchemsha yaliyokatwa kama punje ya hindi, au dagaa wakavu wa ziwani, wasiotiwa chumvi. Dagaa waoshe mchanga, waanike tena, wavunje vipande. Vipande 40 kwa kipindi cha dakika tano, vipindi viwili kwa siku, na chakula cha jioni upunguze kidogo.

Mfunge dume mkanda wa kifuani na kamba ndefu, mbwa mwingine awe ndani. Tafuta umbali ambao anawaona kuku, masikio yamesimama, lakini ukimpa dagaa anakula. Huenda ikawa mita 15, huenda ikawa 30. Akikataa dagaa, au akipokea huku anakubana vidole kwa meno bila kukutazama, umekaribia mno. Rudi nyuma mita tano. Hapo simama tu. Akigeuza kichwa kutoka kwa kuku, hata kwa bahati, sema "ndiyo" sekunde ileile na umpe kipande pembeni mwa mguu wako, ili alazimike kugeuka. Baada ya siku chache ataanza kuwatazama kuku kisha kukutazama wewe mwenyewe. Hapo ndipo unaliingiza neno "acha", kabla tu hajageuka. Ukilitumia neno kabla ya tendo kuzoeleka, linakuwa kelele kama kelele nyingine.

Akifaulu mara nane kati ya kumi, sogea mita mbili. Akikosea mara tatu mfululizo, rudi ulikotoka. Kuku waliotulia wanaodonoa ni darasa la kwanza. Darasa gumu ni kuku wanaokimbia na kupiga mabawa, kwa hiyo usingoje litokee lenyewe: mtu mwingine amwage mahindi upande wa pili ili kuku wakimbilie huko, na wewe uwe umerudi nyuma mpaka mita 20 tena. Wengi hushindwa hapa kwa sababu wanaongeza mwendo wa kuku na kupunguza umbali siku moja.

Jike fanya naye peke yake, hatua zilezile. Wawili pamoja ni baada ya kila mmoja kufaulu akiwa peke yake, tena kila mmoja awe na mshika kamba wake.

---

Daktari wa Mifugo

Nakubaliana na Kamba Ndefu. Naongeza ya afya, kwa sababu kuna mambo madukani hawakuambii.

Watu wakiona vidonda viwili vya duara shingoni husema mbwa ameunguzwa na umeme. Mara nyingi ni mgandamizo. Zile pini mbili za chuma za kola ya shoti zimebana sehemu moja saa nyingi, damu haipiti vizuri kwenye ngozi, na unyevu na uchafu vinamalizia. Manyoya mengi kama ya dume wako yanaficha kidonda mpaka kianze kunuka. Mtu aliyeamua kutumia kola yoyote yenye pini, hata kwa mtetemo tu, asizidishe saa nane kwa siku, aisogeze mahali kila saa moja au mbili, aivue usiku, na mara moja kwa wiki afute pini na ngozi kwa kitambaa chenye maji kisha akaushe. Ngozi ikiwa nyekundu, kola inakaa kabatini mpaka ipone kabisa.

La pili, na hili nalichukulia kuwa hatari kubwa kuliko shoti kwenye nyumba ya mbwa wawili: taya kunasa. Mbwa wakicheza, mmoja anaingiza taya la chini kwenye kola ya mwenzake na kujiviringisha. Kola inasokotwa, mmoja anakosa pumzi, mwingine taya linaweza kuvunjika, na wote wanavuta kwa hofu. Likitokea usiwavute kutengana. Wasukume wakaribiane, mgeuze yule aliyenasa kuelekea alikotokea ili msokoto ulegee, kisha fungua au kata kola. Kifungo cha plastiki cha kubofya hakifunguki kikiwa kimevutwa kwa nguvu, kwa hiyo mkasi mkubwa wenye ncha butu ukae mahali panapojulikana, umetundikwa, usiwe chini ya nguo. Kinga yake ni nyepesi: wakiwa wawili bila mtu wasivae kitu shingoni, au wavae kola inayojiachia, ile yenye kifungo kinachofunguka chenyewe ikivutwa sana. Hiyo ya kujiachia ina pete mbili pembeni mwa kifungo. Kamba ipitishe pete zote mbili, vinginevyo mbwa akivuta barabarani inafunguka.

Hali ni hiyohiyo kwa mbwa wa ulinzi wanaozunguka usiku. Kola inanasa kwenye seng'enge, kwenye geti, kwenye matawi ya michongoma. Usiku avae ya kujiachia au asivae.

Paka: kola ya kujiachia tu, nyepesi, kidole kimoja kiingie. Ile yenye kipande cha lastiki siishauri. Paka anaweza kupenyeza mguu wa mbele, na lastiki ikamkata kwapani. Kengele haina ubaya, na kwako ina faida ya ziada: jike akiisikia, wewe pia umeisikia. Kola ya mafunzo ya umeme paka havai, hata iandikwe "ngazi ya chini".

Na hapa niseme la kola za kupe, maana kwenye nyumba ya mbwa na paka ndizo zinazoua. Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za kupe za mbwa, ni sumu kali kwa paka. Amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe ambayo watu huwamwagia mbwa, nayo haimfai paka. Paka halazimiki kupakwa: kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa leo, au kumlamba, kunatosha. Dalili za permethrini ni kutetemeka, masikio kucheza-cheza, udenda, kisha degedege. Ukiona hivyo muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Kabla ya kununua kola ya kupe soma jina la dawa, usitazame picha ya mbwa kwenye boksi. Mwambie muuza dawa kuna paka nyumbani hata kama hajauliza.

Kola za kupuliza mafuta ya sitronela, jamaa wa mchaichai, nazo si rafiki wa nyumba yako. Harufu inabaki manyoyani baada ya kosa kwisha, kwa hiyo mbwa anaendelea kuadhibiwa akiwa ametulia, na wanyama wengine wanamkwepa. Maini ya paka hayavunji vizuri kemikali nyingi za mafuta ya namna hiyo.

---

Fundi Redio

Nijibu ya vifaa.

"Mita 800" ni kwenye uwanda mtupu, bila ukuta, rimoti juu, betri imejaa. Nyingi zinatumia masafa ya 433 MHz, yaleyale ya rimoti nyingi za magari na mageti. Rimoti ya geti haitampiga mbwa shoti, kwa sababu kila kipokezi kinasubiri msimbo wake, ila msongamano unapunguza umbali. Ukuta wa tofali na bati vinaupunguza zaidi. Na mwili wa mbwa mwenyewe ukiwa kati ya rimoti na kipokezi unakula mawimbi. Ishara isipofika, unabonyeza tena na tena, halafu zinafika mbili pamoja mbwa akiwa ameshatulia. Kosa hilo kwa mbwa halina maana yoyote ila hofu.

Ngazi 1 hadi 99 siyo kipimo. Hakuna shirika lililosema ngazi 20 ni kiasi gani. Kiwanda kimoja ngazi 20 husikii, kingine unarusha rimoti. Kwenye zile za bei ya chini kutoka 30 kwenda 31 kunaweza kuwa hatua kubwa kuliko kutoka 10 kwenda 30. Juu ya hapo ngozi iliyoloa hupitisha umeme vizuri kuliko kavu, kwa hiyo ngazi ya asubuhi kwenye umande siyo ya mchana. Kwenye boksi nyingi kuna kitaa kidogo cha kupimia: kifunge kwenye pini mbili, bonyeza, kitawaka. Kitaa hicho kinakuambia tu kwamba umeme unatoka.

Rimoti moja ya mbwa wawili, kosa kubwa ni la kidole. Kitufe cha kuchagua mbwa wa kwanza na wa pili kiko kilekile, gizani au mfukoni hukioni. Unamwadhibu aliyelala. Zilizo bora zina vitufe viwili tofauti vyenye maumbo tofauti na hukata zenyewe baada ya sekunde nane au kumi ukibonyeza muda mrefu. Seti uliyoitaja, kama ina swichi ya kusogeza tu, haifai kitu.

IPX7 maana yake kipokezi kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Kipimo hicho ni cha kifuniko cha chaji kikiwa kimefungwa. Kifuniko cha raba kikilegea, maji yanaingia kwenye tundu, vichuma vinaota kutu ya kijani na chaji inakataa. Rimoti yenyewe mara nyingi haina kinga hiyo.

Sasa zile za kuzuia kubweka: kwa mbwa wawili, usinunue inayosikiliza kwa maikrofoni pekee. Jike akibweka, kola ya dume inasikia na inampiga dume. Kuna zenye kihisi cha mtikiso wa koo, na zenye vyote viwili zinazofyatuka pale tu koo linapotikisika na sauti ikasikika pamoja. Hata hizo hufyatuka ovyo dume akijikuna au akijigonga kwenye bakuli la chuma.

Mtu akikushauri waya wa kuzika kuzunguka kiwanja, ule unaofanya kola impige mbwa shoti akiukaribia, kumbuka mambo mawili. Kwanza, unamzuia anayevaa kola tu: mbwa wa nje na fisi wataingia wanavyotaka, na wako hawezi kuwakimbia. Pili, umeme ukikatika na kisambazi kinachoupa waya ishara hakina betri, ua haupo. Mbwa wengi hugundua kabla yako, kwa sababu kola nyingi hutoa mlio wa onyo karibu na waya, na siku hiyo mlio haupo.

---

Kamanda

Wakuu, tusitishane. Kola ya rimoti ikitumiwa na mtu anayejua, inafanya kazi. Unaanza na mbwa anayejua tayari "njoo". Unatafuta ngazi ya chini kabisa anayoihisi: sikio linacheza au anageuza shingo, hapigi kelele. Unaifundisha kama kugusa bega, kwenye uwanja usio na mnyama mwingine, wiki mbili. Baadaye ndiyo unawaleta kuku kwa mbali. Tatizo ni watu kufungua boksi, kuweka 60 na kumsubiri kuku. Hapo kweli unaharibu mbwa.

---

Kamba Ndefu

Kamanda, ulivyoeleza ni sahihi kwa namna wenye ujuzi wanavyoitumia, na sina ugomvi na hatua zako. Ila tazama ulichoanza nacho: mbwa anayejua tayari "njoo", akiwa mbali na wanyama, kuku wakiletwa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kazi yote. Mbwa aliyefika hapo kwa kamba na dagaa, kola inamwongezea nini?

Hili limepimwa. Chuo Kikuu cha Lincoln cha Uingereza kilichapisha mwaka 2014 utafiti wa mbwa 63 waliokuwa hawarudi wakiitwa, baadhi wakikimbiza mifugo. Makundi matatu: wakufunzi wa kola wakitumia kola, wakufunzi haohao bila kola, na wakufunzi wa zawadi. Kola haikuleta faida thabiti juu ya makundi mengine, na mbwa wake walionyesha dalili zaidi za msongo wakati wa mafunzo. Wales ilikuwa imeshazipiga marufuku tangu 2010. Na wakufunzi wa kundi la kola walikuwa wazoefu. Mkuu wetu wa Tengeru ndiyo kwanza anasoma boksi.

---

Mfugaji wa Tengeru

Nashukuruni sana, daktari na mafundi wote. Nimeghairi seti. Kumebaki kubweka usiku, sijaona jibu lake. Na jike na paka je?

---

Kamba Ndefu

Jike na paka: mfanyie paka njia kwanza. Rafu mbili tatu za juu ya mita 1.5 ambazo paka anafika na mbwa hafiki, na tundu kwenye wavu ambalo paka anapita na mbwa hapiti. Paka mwenye pa kupanda hakimbii, na paka asiyekimbia hakimbizwi. Kisha fanya zoezi lilelile la "acha", ndani, jike akiwa na kamba ya mita mbili. Paka kula juu ya rafu ni msaada mkubwa, maana anatulia hapo dakika tano nzima.

Kubweka: kola ya kuzuia kubweka kwa mbwa unayemfuga alinde, sijui unanunua nini hasa. Unachotaka ni abweke mara tatu nne kisha anyamaze. Kwanza jua jike anachobwekea. Akiwa wa miezi saba na anaona njia kupitia michongoma, ziba sehemu hiyo kwa mabati au makuti, kimo kifike juu ya macho yake. Mhamishie malazi upande wa nyumba usio na njia. Watenganishe usiku kwa wiki kadhaa, dume upande wake, ili mmoja asimwashe mwingine.

Halafu zoezi: mchana mtu agonge geti. Akibweka mara tatu, sema "asante" kwa sauti ya kawaida, tupa vipande vitano vya dagaa chini miguuni mwako. Kunusa chini na kubweka haviendi pamoja. Rudia mara kumi kwa siku. Baada ya wiki mbili hivi neno litamgeuza kabla dagaa haijatoka mfukoni; ndipo ulihamishie usiku. Usimpigie kelele kutoka dirishani. Yeye anasikia na wewe unabweka.

---

Bibi Harusi wa Pwani

Samahanini kuingilia. Nina mbwa mzee amekuwa kiziwi, yupo na mbwa mwingine mzima. Kola ya mtetemo bila shoti inafaa?

---

Kamba Ndefu

Hapo inafaa, dada, ikiwa ni ya mtetemo peke yake au shoti imezimwa kabisa. Iwe ishara ya "nitazame" tu. Kwanza ishike mkononi ikimgusa kidogo na uitetemeshe, uone kama ameshtuka. Kisha mvalishe siku mbili bila kuibonyeza. Siku ya tatu: mtetemo wa sekunde moja, nyama papo hapo. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, akiwa karibu nawe. Akianza kukutazama mwenyewe, mwite kwa mkono. Kuna mbwa wanaouogopa mtetemo kuliko kitu kingine. Akibana mkia au akiganda, acha, tumia kugonga sakafu kwa mguu au kuwashawasha taa. Yule mzima mpe kipande naye, asije akamfuata mwenzake kumnyang'anya.

---

Mfugaji wa Tengeru

Orodha yangu: mikanda ya kifuani miwili, kamba ya mita 10 moja, martingeli moja ya jike, kola za kujiachia tatu, mkasi, wavu wa banda. Sahihi?

---

Daktari wa Mifugo

Mkanda wa kifuani wa jike usinunue wa bei. Ana miezi saba, baada ya miezi mingine mitatu minne hautamtosha. Kola ya kujiachia ya paka chukua ya paka, siyo ya mbwa mdogo: ya mbwa inahitaji nguvu nyingi kufunguka na uzito wa paka hautoshi. Mpimie dume kifua, usitumie shingo: zungusha uzi nyuma ya miguu ya mbele, sehemu pana ya mbavu, akiwa amesimama, kisha uupime uzi kwa rula. Pitisha vidole viwili ndani ya mzunguko.

---

Mfugaji wa Tengeru

Nimepima. 78. Duka wana wa 65 hadi 78 na wa 75 hadi 92.

---

Kamba Ndefu

Chukua wa 75 hadi 92. Kwenye 78 ule mdogo umefika mwisho wa mkanda, hauna pa kulegeza manyoya yakijaa. Ukimvalisha, vuta pete ya mgongoni kuelekea kichwani: ukisogea mpaka ukaribie kuvuka mabega, kaza tundu moja. Na angalia kwapani baada ya siku ya kwanza, manyoya yakiwa yamelala upande mmoja na ngozi imewiva, mkanda wa chini umekaa karibu mno na miguu.